Keki ya Mwenyekiti

Mimi sina ugomvi na keki. Nimekulia zile ndogo za kioski, zinazofungwa kwa nailoni, unazoshushia na soda umesimama. Hazikuwahi kuniomba kitu. Unalipa, unafungua, unakula, unaenda zako. Ugomvi wangu ni na hii redi velveti. Imeingia nyumbani kwangu Manyatta kama mpangaji aliye na undugu na landilodi: imechukua meza, imechukua friji, imechukua stima, na mimi mwenye nyumba naambiwa nifunge mlango polepole isije ikadidimia.

Kisa ni mwenyekiti wa chama cha mama watoto. Anatimiza miaka hamsini. Mtu wa miaka hamsini hununuliwa leso nzuri, au watu huchanga akapewa mbuzi akafuge. Lakini chama kiliketi kikaamua keki. Tena si keki hivi hivi. Matabaka matatu, nyekundu ndani, nyeupe nje. Nani akainua mkono kusema anajua kuoka? Mama watoto. Amejifunzia wapi? Kwa simu. Kwa bando ya nani? Tuache hayo.

Mimi niliuliza swali moja tu: wekundu una ladha gani? Sikujibiwa. Basi nikachukua simu nikasoma mwenyewe, maana bando ni yangu. Kumbe hii keki ni ya Wamarekani, na ndani hamna tunda wala nini. Ni kakao, vijiko viwili, basi. Zamani kakao ya asili ikikutana na siki na maziwa yaliyochacha ilikuwa inatoa wekundu fulani wa mbali, wa kuelekea udongo, na watu wakaridhika. Halafu ikaja kampuni moja ya Texas, Adams Extract, ambayo biashara yake ilikuwa rangi na vionjo vya chakula. Ikasambaza kadi za mapishi ya keki nyekundu. Umeuona huo ujanja? Mtu ana rangi ya kuuza, anakutungia keki inayokunywa rangi. Na leo mimi, mtu wa Kisumu nisiyeijua Texas hata kwa ndoto, ndiye ninayelipa.

Nikasema basi tutumie bitiruti, iko tele sokoni, na kuna waliowahi kuitumia. Mama watoto akanitazama kwa huruma. "Baba watoto, bitiruti ukiioka inageuka kahawia." Sasa kahawia si ndiyo rangi ya keki?

Nikatumwa soko la Jubilee. Nikaleta rangi ya maji, ile ya kichupa. Nikarudishwa: hiyo inatoa waridi, inatakiwa ya jeli. Nikaleta ya jeli. Nikarudishwa: krimu chizi iko wapi? Hiyo krimu chizi, ndugu zangu, inauzwa kwa kikopo ambacho ukikishika vizuri kinapotelea mkononi, na bei yake ingeniletea samaki, ngege mzima wa kukaanga, na ugali, na kachumbari, na chenji ya tuktuk ya kunirudisha nyumbani. Nilisimama pale dukani nimekishika, nikamfikiria yule ngege. Kitu cha pekee ambacho hatukununua ni maziwa mala, kwa sababu mama yangu amekuja kutoka Siaya kututembelea, na yeye halali bila mala. Kikombe chake cha jioni kikamiminwa kwenye unga. Hakuambiwa.

Kuchanganya sitasimulia, kelele za mashine tu. Ila mwisho siki hutiwa kwenye soda ya kuokea, inafoka povu, halafu kila mtu anakimbia, kwani hilo povu ndilo linaloinua keki na likilala limelala.

Kelele hizo ndizo zilizomleta Mama jikoni. Alichokiona: sinki jekundu, taulo jekundu, mama watoto mwekundu hadi kwenye viwiko. Akasimama mlangoni na bakora yake. "Wuoda, mwanangu, mmechinja nini bila kuniita?"

"Ni keki, Mama."

"Keki." Akatazama sinki tena. "Na aliwakosea nini?"

Tukawasha oveni. Oveni yetu ni ya umeme, na oveni ya umeme haili tokeni, inazimeza bila kutafuna. Nyuzi 175, nusu saa kila tabaka, na chombo kinachoingia ni kimoja kimoja. Mita ikaanza kulia. Nikaweka tokeni, nikakaa. Tabaka la tatu lilikuwa ndiyo kwanza limiminwe, stima ikapotea mtaa mzima. Nilinyamaza kabisa, nikajifanya nasoma gazeti gizani. Haikusaidia. Likatolewa jiko la makaa, sufuria kubwa, mchanga chini, makaa mengine juu ya kifuniko, na mimi juu ya kigoda napepea kwa mfuniko wa ndoo usiku wa manane. Na niseme bila woga: tabaka lililoiva vizuri kuliko yote ni hilo la makaa. Juu limenyooka, pembeni halikukauka. Sifa zote zikaenda kwa oveni.

Asubuhi ikafika saa ya kukata vichwa. Mimi sikuwa najua kumbe keki ikipoa hukatwa kilele ili matabaka yakae sawa. Nikasema hapa sasa Mungu amenikumbuka. Nikavuta kiti, nikatia chai. Kumbe hata vile vilele vina kazi! Vinasagwa vikawa chenga, vinanyunyiziwa juu kama pambo. Binti yangu, mtoto niliyemlipia karo, akanipiga kofi la mkono. "Baba, hiyo ni ya kurembesha."

Halafu joto. Aliyebuni krimu chizi hakuwahi kukaa Kisumu saa nane mchana. Siagi, krimu chizi, sukari ya unga, vimepigwa vikasimama vizuri, na baada ya dakika chache vikaanza kuteremka. Kwanza inapakwa ile nyembamba ya kushika chenga, keki inaingia friji, ikiganda inapakwa ya pili, inarudi friji. Na friji ilibidi ihamwe. Ikatolewa sukuma, yakatolewa maji yangu ya baridi, ikatolewa omena, eti keki inavuta harufu. Omena! Iliyotulisha tangu tuoane, leo inakaa nje kwenye beseni, inalindwa na Mama dhidi ya paka, ili isimnukie mgeni wa siku moja.

Sherehe ilikuwa Riat. Mjuao barabara ya Kakamega mmeshaelewa. Nikaketi nyuma ya tuktuk, sanduku mapajani, mama watoto pembeni akisoma zaburi. Kondele tukapita kwa amani. Matuta tulivuka tukisimama kabisa, na kila gari nyuma yetu likitutukana. Kijana wa tuktuk akauliza, "Mzee, umebeba mgonjwa?" Nikamwambia kwa bei, ndiyo. Baada ya Mamboleo mlima ukaanza, tuktuk ikainua pua, na nikahisi kitu kikisogea polepole kuelekea tumbo langu. Ni ghorofa ya juu hiyo, inahama. Ilibidi nijikunje, niinamishe sanduku, nipande mlima wote wa Riat mgongo umepinda na shati limelowa, huku kijana wa watu akinihimiza: "Vumilia mzee, tunafika."

Tulifika. Keki ilikuwa imeegemea kidogo upande wa Kakamega, lakini mama watoto akaipaka, akainyunyizia chenga, ikapendeza. Ikapigwa picha. Ikapigwa picha na mwenyekiti, na mweka hazina, na kila mwanachama peke yake, krimu ikiteremka jua kali. Ikakatwa, watu wakashangilia ule wekundu. Mwenyekiti akasogezewa kipande cha kwanza, akakirudisha kwa adabu. Yeye, kumbe, sukari aliacha tangu Januari.

Mimi nilipata ukingo. Ni tamu, sikatai. Ni tamu ya kakao kidogo.

Sasa wanachama watatu wameagiza za kwao, na kijana wa tuktuk amechukua namba ya mama watoto. Ya kwanza ni Jumamosi ijayo. Nimetangaza kwamba Jumamosi hiyo mimi siko, nampeleka Mama kwake Siaya. Mama amesema ni sawa, atafurahi sana, ila hawezi kurudi kwa watu mikono mitupu. Tumuokee ile nyekundu.