Silensa mpya kwenye V8: nunua kwa ajili ya masikio

Hapa Marekani, ukikaa na wenye Mustang, Camaro au Challenger za V8, yaani injini ya silinda nane, robo saa haipiti kabla mmoja hajauliza kama abadilishe silensa. Na hakosekani wa kumjibu kwamba abadilishe tu, gari litapata nguvu. Mimi nabisha. Kwenye gari la miaka hii, silensa ya dukani haikuongezei nguvu utakayoihisi mguuni. Ukinunua, nunua kwa sababu unaupenda mlio. Hiyo ni sababu halali kabisa, mradi usimwambie mkeo hadithi nyingine.

Chukua Mustang GT ya 2011, mwaka ambao Ford waliirudisha injini ya lita 5.0, ile inayoitwa Coyote, yenye nguvu za farasi 412. Silensa zake mbili ziko nyuma kabisa, baada ya ekseli. Moshi unafika pale umeshapita kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi, na bomba refu, umepoa na kasi imepungua. Kama kuna kinachoibana injini ile, kiko mbele, kwenye hedasi (mabomba ya kwanza yanayopokea moshi wa injini) na kataliti. Na kataliti huigusi: sheria ya shirikisho ya hewa safi inakataza kuitoa, wewe au fundi wako. Silensa haimo kwenye katazo hilo, ndiyo maana zinauzwa kama njugu.

Magari ya zamani ni habari nyingine. Kuanzia 1975, kataliti zilipoingia, V8 nyingi zililazimishwa kuupitisha moshi wa pande zote mbili kwenye bomba moja. Gari la namna hiyo ukilifumua ekzosi yote na kuweka mabomba mawili yenye upana wa kutosha, utaona tofauti. Lakini hapo umebadilisha mfumo mzima, silensa ni sehemu tu ya kazi.

Turudi kwenye mlio. Ndugu zangu wa Nairobi wenye Subaru wataelewa haraka. Mngurumo ule wa Subaru za zamani unatokana na hedasi zisizolingana urefu, kwa hiyo mapigo ya moshi yanafika kwenye bomba bila mpangilio ulio sawa. V8 ya Kimarekani inafikia jambo hilohilo kwa njia yake: umbo la krenkshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, linafanya silinda nne za upande mmoja zilipuke kwa kupishana kusikolingana, nyuzi 90 za mzunguko wake, kisha 180, kisha 270, kisha 180 tena. Silensa haiutengenezi mngurumo huo. Inaamua tu ni kiasi gani cha mngurumo kitoke nje, na kwa rangi gani.

Zipo za aina mbili unazopaswa kuzijua. Ya kwanza ni ya vyumba, ambayo Flowmaster ndiyo iliyoipa umaarufu: ndani kuna vibao vya chuma vinavyoyagonganisha mawimbi ya sauti. Mlio wake ni mkavu, wa kukoroma, wa miaka ile. Ya pili ni ya bomba lililonyooka lenye matundu, limezungushiwa pamba ya faiba au ya chuma, kama wanavyofanya Borla na MagnaFlow. Ukiishika mkononi dukani kabla haijafungwa, ukachungulia tundu moja, unaona mwanga upande wa pili. Mlio wake ni laini zaidi. Kwa pesa yangu naipenda hii ya pili, na najua nitapigwa mawe na wazee wa Flowmaster.

Sasa lile ambalo muuzaji halitaji: mvumo, ile sauti nzito isiyokoma ndani ya gari ukiwa safarini. Video ya mtandaoni utakayoitazama inaonyesha gari limesimama, mtu anakanyaga mafuta mara tatu, unasisimka, unatoa kadi. Hakuna anayekurekodia saa nzima ya barabara kuu kwa mwendo uleule. V8 inapozunguka mara 2,000 kwa dakika inatoa mapigo kama 133 kwa sekunde. Hiyo ni sauti nzito ya chini, na pamba ya ndani ya silensa hainyonyi vizuri sauti za chini. Inayonyonya vizuri ni zile kali za juu. Sauti inaingia ndani ya gari, viti vinatetemeka, na mtoto aliyekaa nyuma anauliza tunafika lini. Redio ukiiongeza ndiyo unazidisha maumivu ya kichwa.

Challenger R/T ya 5.7 yenye gia otomatiki ni mbaya zaidi, na wengi hulijua hilo baada ya kulipa. Gari hilo huzima silinda nne likitembea taratibu ili kuokoa mafuta. Mapigo yanapungua kwa nusu, sauti inashuka chini zaidi, na kilichokuwa mngurumo kinageuka kuwa kama lori limeegeshwa kifuani mwako. Silensa na rezoneta (makopo ya ziada ya kutuliza sauti) za kiwandani zilipimwa kwa kuzingatia hali hiyo. Ukizitoa, umetoa na kazi hiyo. Dawa ipo, mafundi huchomelea kipande cha bomba kilichozibwa mwisho, kikatwe kwa urefu unaolingana na sauti unayotaka kuiua. Ni kazi nzuri ikifanywa na mtu anayejua hesabu yake. Ila hapo bei imeshapanda tena.

Sheria nitaigusa tu. California wana kikomo cha desibeli 95 kwa magari ya kawaida, na New York mwaka 2021 walipandisha faini ya ekzosi za kelele hadi dola 1,000. Soma sheria ya jimbo lako.

Na kama Mustang yako ni GT ya 2018 au baada yake yenye ekzosi ya vali, yaani milango midogo inayoachia au kubana mlio kwa kitufe, sioni unatafuta nini. Unabonyeza, inanguruma, unabonyeza, inanyamaza. Unaweza hata kuipangia saa za kuwaka kimyakimya alfajiri. Ford wenyewe walisimulia kwamba wazo hilo lilianza baada ya mhandisi wao mmoja kuitiwa polisi na jirani. Hiyo hela peleka kwenye matairi.

Wenzangu mnaoishi majimbo ya theluji, Minnesota, Ohio na kwingineko wanakomwaga chumvi barabarani, angalieni chuma kabla ya jina. Silensa ya chuma cha kawaida kilichopakwa alumini huanza kuoza kwenye mishono. Chuma cha pua namba 409 huota kutu juu juu lakini hudumu. Namba 304 ndiyo bora, na bei yake inasema hivyo.

Mimi ningetafuta iliyotumika. Watu wengi huzivua kwa sababu ya ule mvumo na kuziuza kwa hasara zikiwa bado mpya. Muulize muuzaji kwa nini anaitoa. Akisema mvumo, muulize ulikuwa unaanza kwenye mwendo gani, gia gani, na gari lake ni la otomatiki au la gia za mkono. Kisha omba akupakie mwende naye barabara kuu kabla hajaifungua.