Mjomba, Umesahau Nukta Mkato

Hakuna aliyenituma. Niliyataka mwenyewe. Nilisikia C ni lugha ndogo ya kuandikia programu za kompyuta, toleo lake lililosanifiwa mwaka 1989 lina maneno maalumu 32 tu, nikacheka. Thelathini na mawili! Mimi ninayejua kwa nini mawe ni makubwa lakini nyumba ni kubwa, nishindwe na hayo? Nikamwita mpwa wangu anifundishe.

Programu ya kwanza ilikuwa na mistari saba. Kompaila yangu, yaani kile chombo kinachotafsiri maandishi yangu kwa lugha ya mashine, ambayo ni ya zamani kama mimi, ikagoma: kosa mstari wa 7. Nikaukodolea macho huo mstari. Una bano la kufungia, basi. Nikalifuta, nikaliandika upya kwa adabu zaidi. Kosa mstari wa 7. Nusu saa nzima namgombeza asiye na hatia, kumbe mkosaji ni jirani yake wa juu.

"Mjomba, umesahau nukta mkato (;) ya kufunga amri mstari wa 6."

Haya, mimi nauliza tu: kama kompaila inajua kabisa kinachokosekana ni nukta mkato, na ujumbe wake, ambao sikuumaliza kuusoma, umeitaja kwa jina, si iiweke yenyewe tuendelee na maisha?

Kwa hasira nikaanza kuzimwaga kila mahali. Moja ikaangukia mwisho wa mstari wa for, amri ya kurudiarudia kazi. Kitanzi kikazunguka mara 10 bila kufanya lolote, halafu printf, amri ya kuchapa, iliyokuwa chini yake ikachapa mara moja tu. Kompaila kimya! Nilipopunguza moja ilipiga yowe, nilipozidisha moja inanitazama. Mpwa wangu akanieleza kwamba maonyo yapo, ila huyapati mpaka uyaombe kwa kuandika -Wall, yaani maonyo yote. Nikayaomba. Kumbe hayo "yote" si yote. Mengine yanaombwa kwa -Wextra.

Siku ya scanf, amri ya kusoma anachoandika mtumiaji, ndiyo usiniulize. Niliandika programu inayouliza umri. Nikajibu 47, programu ikafa palepale. Sijawahi kuona umri wangu ukiua kitu.

"Mjomba, hukuweka & mbele ya umri. Scanf inataka anwani, yaani mahali umri unapokaa kwenye kumbukumbu, wewe umeipa kilichomo ndani."

Nikamwelewa, sikatai. Ni sawa na mtu aliyebeba mzigo akuulize nyumba iko wapi, wewe umjibu ina watu watatu. Lakini dakika tano baadaye nikataka kusoma jina, nikaweka & kwa fahari kubwa, kijana akatikisa kichwa. Hapo haitakiwi, maana jina la safu ya herufi likipewa scanf tayari linageuka anwani yenyewe. Nikaenda kunywa maji.

Nikarudi na wazo la kuficha mambo yangu kwa neno la siri. Programu iulize, nijibu, ilinganishe, ifungue. Nikaandika alama moja ya sawasawa (=), mpwa wangu akaguna: moja ni ya kuweka thamani, mbili ndizo za kulinganisha. Nikaweka mbili. Nikaendesha, nikaandika neno langu la siri mwenyewe, nililolitunga mwenyewe. Ikanikatalia. Nikaandika polepole, herufi kwa herufi, nikizitamka. Ikanikatalia. Nilianza kujitilia shaka kama mimi ni mimi.

Kumbe == haisomi maneno kabisa. Inaangalia kama yote mawili yanakaa anwani moja. Maneno yanafanana kama pacha, lakini kwa kuwa kila mmoja ana chumba chake, C inaapa hawajuani! Dawa ni strcmp, amri ya kulinganisha maneno herufi kwa herufi. Nikaweka strcmp ndani ya if, yaani "kama", nikaandika neno la siri kwa ushindi. Ikanikatalia. Kwa kuchoka nikagongagonga vitufe bila mpangilio.

"Karibu," ikasema.

Strcmp, ndugu zangu, maneno yakifanana inarudisha sifuri. Na sifuri kwa C ni "hapana". Kwa hiyo nilikuwa nimejenga mlango unaomfungulia kila kiumbe duniani isipokuwa mwenye nyumba.

Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kunituliza akanipa zoezi jepesi: nimepata alama 45 kati ya 60, nitafute asilimia. Nikaandika 45/60*100. Jibu: 0. Eti namba kamili zikigawanywa, kinachobaki baada ya nukta kinatupwa, kwa hiyo 45/60 ni sifuri, na sifuri mara mia unajua mwenyewe. Ningeandika 45.0 ningepewa haki yangu. Alama zangu 45 zimepotea kwa ajili ya nukta!

Nikauliza ni nani aliyetunga ukatili huu. Akasema ni Dennis Ritchie, Marekani, pale kwenye maabara za Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na lugha iliyotangulia iliitwa B. Hapo ndipo niliposhtuka. Watu wasiotaka kupoteza muda hata kutafuta jina, watautoa wapi muda wa kunionya mimi?

Sasa hivi nina programu moja inayofanya kazi. Moja. Ilikuwa inakufa katikati, nikapachika printf ya kuchapa "NIPO HAPA" ili nijue inafia wapi. Ikaacha kufa. Nikaitoa hiyo printf, ikafa. Nikairudisha, ikafufuka. Mpwa wangu anasema lazima kuna mahali nimeandika nje ya safu. Ina nafasi 10, zinahesabiwa 0 mpaka 9, mimi nimegusa namba 10 isiyokuwepo, na hiyo printf inauficha tu ugonjwa. Anataka tuitafute.

Nimemwambia akalale. Programu inahesabu vizuri, inatoa majibu sahihi, na kila baada ya jibu inatangaza NIPO HAPA. Mtu akiniuliza ni ya nini, nitamwambia ni salamu.