Urari Umekataa Tena

Jamani, mimi nimezaliwa na mikono miwili. Nilijua mapema huu wa kushoto na huu wa kulia, na sikumbuki siku niliyowahi kuichanganya. Nikajiandikisha stashahada ya uhasibu na biashara. Wiki ya kwanza tu, mkufunzi akachora herufi T kubwa ubao mzima, akapiga chaki kila upande, akasema: "Kushoto debiti, kulia krediti. Debiti kinachoingia, krediti kinachotoka. Msiniulize kwa nini."

Mimi nikamuuliza kwa nini. Uhusiano wetu uliharibika siku hiyo.

Maana mimi nilikuwa na sababu. Nikiweka hela benki, taarifa ya akaunti yangu inaniandikia krediti, nami nafurahi. Sasa huku darasani naambiwa hela ikiingia unadebiti. Nikanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, mbona benki hela yangu ikiingia wanakrediti?" Mwalimu akavua miwani. Mwalimu akivua miwani ujue swali limemchosha kabla hajalijibu. "Ile taarifa," akasema taratibu, "si daftari lako. Ni nakala ya daftari la benki. Hela yako kwao ni deni. Wanakukrediti kwa sababu unawadai."

Ngoja kwanza. Yaani miaka yote hii naingia benki kinyonge, kofia mkononi, naongea kwa sauti ya mgonjwa, kumbe mdai ni mimi? Kesho yake nikaingia kifua mbele, kofia kichwani. Mlinzi akaniambia vua kofia. Wale watu hawana habari kabisa kwamba nawadai.

Halafu kuna kifupi cha debiti. Wanaandika Dr. Hiyo r imetoka wapi? Litamke neno lenyewe polepole uone kama utaikuta. Nimeuliza watatu, nimepata majibu manne. Wiki mbili nzima nilidhani kila akaunti upande wa kushoto ina daktari wake, nikaona sawa tu, kwa hali niliyokuwa nayo alihitajika.

Nikasema nimtafute aliyetuletea balaa hili. Nikaelekezwa kwa mtawa. Mtawa, ndugu zangu! Luca Pacioli, Mfransisko wa Italia, ambaye mwaka 1494 alichapisha kitabu kinene cha hisabati kule Venice, na humo ndani akapenyeza sehemu inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila muamala mara mbili. Mtu ameweka nadhiri ya ufukara, hana la kudebiti wala la kukrediti, ndiye wanayemwita baba wa uhasibu. Na wala hakubuni yeye! Hesabu za serikali ya Genoa za mwaka 1340 zimeandikwa hivyohivyo, pande mbili, karne moja na nusu kabla yake. Yeye alieleza tu, akaeleweka, ikawa msiba wa watu wote. Huyohuyo Pacioli ndiye aliyemfundisha hisabati Leonardo da Vinci. Leonardo alipohitimu somo, akamchorea mwalimu wake maumbo ya ajabu ya kitabu kingine. Mimi natoka kwenye somo lilelile nimechora T, na moja imepinda.

Lakini mtu anayenikosesha usingizi kuliko mtawa ni yule mfanyabiashara wa kwenye maswali. Mnamjua. Kila zoezi yumo, jina tu ndilo linabadilika. Tarehe 1 ameanzisha biashara kwa fedha taslimu na gari dogo la mizigo. Tarehe 3 amenunua fenicha kwa mkopo. Tarehe 5 amerudisha nusu ya fenicha, haimpendezi. Tarehe 8 amechukua bidhaa dukani kupeleka nyumbani kwake. Tarehe 11 amemkopesha mtu, tarehe 19 mtu huyo amefilisika. Tarehe 22 amepokea hundi, tarehe 25 hundi imerudi. Tarehe 30, baada ya vurugu zote hizo, yeye amelala, mimi niko macho namfungia hesabu. Ningekuwa ndugu yake ningemkalisha chini nimwambie, bwana, uza hiyo fenicha iliyobaki ukapumzike.

Na usithubutu kusema amekula mtaji wake mwenyewe. Mwalimu atakuruka. Biashara ni mtu mwingine na mwenye biashara ni mtu mwingine! Hata akitoa hela mfuko wa kulia akatia wa kushoto, inaandikwa. Mtaji alioleta unakaa upande mmoja na madeni, kwa sababu biashara yake inamdai... hapana, inadaiwa naye. Mnaona? Ndiyo hali yangu hii. Kwenye somo la sheria wakatuletea na bwana Salomon, mtengeneza viatu wa Uingereza: kampuni yake ilifilisika, akashtakiwa, kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi, ndiyo iliyokuwa mahakama yao ya mwisho, na mwaka 1897 wakaamua kwamba Salomon ni mtu na kampuni ya Salomon ni mtu mwingine. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mimi ninayechelewa kurudi na mimi mumewe ni watu wawili tofauti kisheria. Akanijibu sawa, yule mwingine ndiye aliyepikiwa.

Sasa niwaeleze usiku wa urari.

Tulipewa miamala 24 ya yule bwana. Uiandike kwenye majarida, yaani vitabu vya kuandikia miamala mwanzo, uihamishie kwenye leja, daftari la akaunti zote, ufunge kila akaunti, halafu salio zote uzipange kwenye karatasi moja, debiti huku, krediti kule. Jumla zikilingana, urari umekubali. Zisipolingana, Mungu akusaidie. Nikakaa mezani saa mbili usiku na kalkuleta yangu. Kalkuleta yenyewe ni ya mwanga, ukiinamia kuiangalia kivuli chako kinaizima. Na kitufe cha 8 kinanata. Ukikibonyeza mara moja zinatoka mbili, kwa hiyo kila penye 8 inabidi nibonyeze, nifute moja, nivute pumzi, niendelee. Ukiona mtu anaomba swali lisiwe na 8, usimcheke.

Saa tano, urari ukakataa. Tofauti 450.

Mwalimu alitupa dawa. Kwanza gawa tofauti kwa mbili, utafute kiasi hicho, maana ukiweka kitu upande usio wake tofauti inajirudia mara mbili. Nikagawa, 225. Nikaisaka 225 ukurasa hadi ukurasa kama mtu aliyeangusha sindano. Haipo. Dawa ya pili: gawa kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, inawezekana umegeuza tarakimu, umeandika ya nyuma mbele. Nikabonyeza 450 kwa 9. Ikatoka 50, safi, bila mkia. Nikahisi nywele zinasimama. Ni nani aliyekaa akagundua kwamba ukigeuza tarakimu mbili kosa lako lazima ligawanyike kwa tisa? Na kwa nini mtu huyo hakutumia akili hiyo kunizuia nisizigeuze?

Jirani yangu wa darasani, mvivu mwenye moyo wa huruma, nilipompigia simu akaniambia: "Kaka, unahangaika nini? Fungua akaunti ya mashaka, tupia 450 humo, lala." Ipo kweli, jamani. Tofauti usiyojua imetoka wapi unaiweka kwenye akaunti ya mashaka, inakaa hapo mpaka kosa lipatikane, kisha unaifunga. Nikaona maisha yangu yote yangefaa kuingia humo. Ila mwalimu alishasema akiiona kwenye kazi ya mtu ataifananisha na kufagia takataka chini ya mkeka.

Nikaendelea. Saa saba kasorobo nikaiona. Salio la wadaiwa kwenye leja ni 7,270. Kwenye urari nimeandika 7,720. Mkono wangu mwenyewe, wino wangu mwenyewe. Nikarekebisha, nikajumlisha, zikalingana. Nikapiga mistari miwili chini kwa rula, maana usipopiga mistari miwili, au ukiipiga bila rula, unakatwa alama kana kwamba umeiba. Nikamwamsha mke wangu. "Imekubali!" Akaketi kitandani ghafla. "Nani kakubali nini?"

Tulirudishiwa kazi baada ya wiki. Nimepata 9 kati ya 20.

Nikamfuata mwalimu na karatasi mkononi. "Mwalimu, urari si umelingana?" Akasema umelingana. "Sasa?" Akavua miwani. Nikajua. Akanionyesha: matengenezo ya gari nimeyaandika kwenye akaunti ya gari lenyewe. Yale ni gharama, hili ni mali, lakini yote ni debiti, kwa hiyo urari hauoni. Halafu kuna mauzo ya tarehe 17 nimeyaruka kabisa, sikuyaandika kushoto wala kulia, kwa hiyo urari hauna wa kumlalamikia. Akaniambia makosa ambayo urari hauyagundui yako ya namna sita, akaanza kuyataja, mimi nikawa nasikia sauti tu.

Kwa hiyo kwa mujibu wa fani hii, urari ukikataa umekosea, na urari ukikubali huenda umekosea. Watu wanalipia ada kuambiwa hivyo.

Masomo ya biashara wanasema ndiyo mepesi. Mepesi kwa nani? Tulifundishwa masoko yana nguzo nne: bidhaa, bei, mahali na promosheni. Nne nikazishika. Wiki iliyofuata zikawa saba. Utawala una kanuni 14 za Mfaransa mmoja, Henri Fayol, za mwaka 1916, na mtihani unauliza ile moja iliyokutoka. Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, alitufanya tuchore piramidi la mahitaji ya binadamu, nikanyimwa alama moja kwa kuwa langu lilionekana kama hema. Baadaye nikaja kujua makala yake ya 1943 haina piramidi hata moja, waliochora ni wengine. Alama yangu hadi leo haijarudishwa.

Na kazi ya kikundi ndiyo usiseme. Adam Smith, mwanauchumi wa Scotland, mwaka 1776, anaeleza watu 10 kwenye karakana ya pini: kila mmoja na kipande chake cha kazi, huyu ananyoosha waya, yule anaukata, mwingine anachonga ncha, na kwa siku wanatoa pini zaidi ya 48,000. Kikundi chetu tulikuwa 8. Wiki tatu, kurasa nne. Mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi: mmoja aliandika, mmoja aliuliza tumefikia wapi, watano waliandikwa majina. Wa nane alilalamika. Wa nane ni mimi, na siombi radhi, ile nayo ni kazi.

Lililoniingia vizuri ni uchakavu, nalo limeniletea matatizo nyumbani. Mashine umenunua kwa 1,000,000, utaitumia miaka mitano, mwisho utaiuza chakavu kwa 100,000. Toa, gawa, kila mwaka inapoteza 180,000. Rahisi. Nikawa namweleza mke wangu kwa mbwembwe kwamba kila kitu kinachakaa, isipokuwa ardhi. Akanitazama juu mpaka chini, bila haraka, kama mkaguzi wa hesabu. "Na wewe," akasema, "thamani yako ya mwisho tumeikadiria shilingi ngapi?" Sijalijibu hilo.

Ukoo nao wamesikia nasomea uhasibu. Muhula wa kwanza sijaumaliza, tayari mimi ndiye mtunza fedha wa kila kitu. Mama ananiita mhasibu mbele za watu. Shangazi kaniletea mfuko wa stakabadhi za miaka miwili nimwambie hela yake ilikokwenda. Mimi, mtu mwenye sapu mbili, mitihani ya kurudia, ninayejua kwa hakika kwamba jumatatu nilikuwa na hela na jumatano sikuwa nazo, na katikati hapo hakuna hati yoyote inayothibitisha muamala.

Juzi jioni narudi, sijavua hata viatu, mke wangu yuko mlangoni.

"Ile hela ya balbu niliyokupa, chenji yake iko wapi?"

Nikamwambia kitaalamu kwamba kuna tofauti ndogo kati ya fedha zilizotolewa na hati zilizopo, na kwa sasa nimeiweka akaunti ya mashaka.

"Hiyo akaunti inafungwa lini?"

"Kosa likipatikana."

Akaenda kwenye shati langu lililotundikwa nyuma ya mlango, akatia vidole viwili kwenye mfuko wa kifuani, akatoa noti iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua polepole, akainyoosha kwenye paja lake, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Limepatikana," akasema. "Si ulinifundisha mwenyewe, debiti kinachoingia? Haya, chukua kalamu. Nidebiti."