Jenomu mmeisoma, haya, sasa mtuambie imesema nini

Juzi nimekutana tena na ile habari ambayo wanasayansi hawachoki kuirudia: siku hizi jenomu nzima ya mtu, yaani maagizo yake yote ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi za kikemia ndani ya seli, inasomwa kwa chini ya dola 1,000, wakati mradi wa kwanza, ulioanza 1990, ulimeza takriban dola bilioni 2.7. Makofi tafadhali.

Siku hiyo hiyo rafiki yangu, ambaye mama yake na mama yake mdogo wote wamefariki kwa saratani ya matiti, akanionyesha majibu yake. Kurasa sita. Mstari wa maana ni mmoja: kwenye jeni ya BRCA2, ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti, kuna herufi moja iliyobadilika, na badiliko hilo "umuhimu wake haujulikani". Akaniuliza, "Kwa hiyo urithi huo wa saratani ninao au sina?" Wenye mashine zao wameshindwa kumjibu, mimi ningemwambia nini?

Ugomvi wangu ni na hilo neno kusoma. Mtu anaweza kukusomea barua ya lugha asiyoijua, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja, na akimaliza mkabaki mnatazamana.

Tena hata huko kusoma kwenyewe kumetangazwa kumalizika mara ngapi? Juni 2000 Rais Clinton alisimama Ikulu ya Marekani akashangilia rasimu. Aprili 2003 tukaambiwa kazi imekwisha. Kumbe asilimia 8 hivi ilikuwa bado, na ikasubiri hadi 2022. (Kromosomu Y, ile ya wanaume, ikamaliziwa 2023, wanaume mtatusamehe.) Hapo siwalaumu sana. Mashine zilikuwa zinasoma vipande vifupi, na sehemu zile zimejaa marudio. Ni kama kupewa utenzi uliochanwa vipande, na maelfu ya vipande hivyo ni kibwagizo kitupu. Utajuaje hiki kinakaa baada ya ubeti wa ngapi?

Kinachoniudhi ni kingine. Badiliko la kinasaba halijitambulishi. Hulinganishwa: limeshaonekana kwa nani, na huyo mtu aliugua au hakuugua? Likikutwa kwa wengi ambao ni wazima, linaachwa liende zake. Sasa angalia waliomo kwenye hilo daftari la kulinganishia. Kufikia 2018, asilimia 78 hivi ya walioshiriki tafiti za kuoanisha jenomu na magonjwa walikuwa wenye asili ya Ulaya. Waafrika, kama asilimia 2. Jenomu ya rejea yenyewe, ile ambayo kila mtu anapimwa nayo, sehemu yake kubwa imetoka kwa mwanamume mmoja aliyejitolea baada ya tangazo la gazeti huko Buffalo, Marekani. Mwaka 2019 watafiti walipochukua jenomu za watu 910 wenye asili ya Afrika, walikuta karibu herufi milioni 300 ambazo kwenye rejea hazimo kabisa. Rafiki yangu hana hata bibi mmoja wa Ulaya. Badiliko lake linaonekana geni kwa sababu waliouliza hawakufika kwao.

Na si kwamba kosa hili linaishia kwenye kutojua. Mwaka 2016 ilichapishwa kwamba Wamarekani weusi kadhaa waliambiwa wana badiliko linaloleta ugonjwa wa kunenepa misuli ya moyo, kumbe badiliko lenyewe halina neno, tena kwa watu weusi ni la kawaida. Wangewekwa weusi wachache tu kwenye ulinganisho wa awali, wasingetishwa bure.

Haya, nakubali. Januari 2020 mfuatano wa virusi vya korona ulipowekwa hadharani, chanjo zilianza kubuniwa ndani ya siku chache. Huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wameshasoma jenomu ya mgonjwa kwa saa 5 na dakika 2. Sibezi. Suala la faragha nalo silifungui leo, ila kumbukeni nenosiri likiibwa mtu anabadilisha; jenomu haibadilishwi.

Lakini msituambie kwamba kuongeza watu wengine ni hisani. Dallas, Marekani, miaka ya 2005 na 2006, watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen walikuta baadhi ya watu weusi ambao nakala moja ya jeni yao ya PCSK9 imezimika: lehemu (kolesteroli) mbaya iko chini, na ugonjwa wa moyo ni nadra mno kwao. Kufikia 2015 dawa za kuiziba protini ya jeni hiyo zilikuwa zimeidhinishwa, na zinatumiwa na watu wa kila rangi. Wangeishia kwa wale wale wa siku zote, wangechukua muda gani kuiona?

Mabadiliko mengi ya aina hii yakija kupangwa upya huonekana hayana madhara. Nilimwambia hivyo rafiki yangu, naye akanitazama tu. Daktari mmoja amemwambia asubiri, asiamue lolote kwa karatasi hiyo. Mwingine ameshamgusia upasuaji. Karatasi yenyewe inasema aulize tena baada ya mwaka mmoja, na ameiweka kwenye bahasha moja na cheti cha kifo cha mama yake. Binti yake ana miaka 19, na ameanza kuuliza kama na yeye apime.