Antivairasi Iliyonitoa Kijasho

Laptopu yangu ilianza kunidai kabla sijamaliza kubandua nailoni ya kwenye skrini. Nimeiwasha, nimechagua lugha, nimeipa jina, kufumba na kufumbua kidirisha chekundu kimechomoza pembeni: "Ulinzi wako unakaribia kuisha." Nikajiuliza, umeanza lini?

Nilipotulia nikaikagua. Kulikuwa na mchezo wa karata ulionizawadia sarafu ambazo sikuziomba. Kulikuwa na programu ya kutafuta hoteli, mimi ambaye sina safari yoyote. Programu ya hali ya hewa ilikuwa inanipa habari za mvua ya jiji ambalo sijawahi kulikanyaga. Na kulikuwa na kisafishaji, ambacho kiliipekua mashine iliyotoka kwenye boksi asubuhi ileile, kikatangaza kuwa kimegundua matatizo zaidi ya 400, na kwamba matatu ya mwanzo ningetatuliwa bure. Zote zinaniita kwa pamoja kama wapiga debe, kila mmoja anavutia mkoba wangu kwenye basi lake.

Sababu yake inajulikana. Faida ya kuuza kompyuta ni nyembamba, na kampuni za programu humlipa mtengenezaji ili programu zao zikukute humohumo ndani. Nikasema potelea mbali, nitazizoea. Karata nilizizoea. Hata mvua ya watu niliizoea. Antivairasi ndiyo iliyokataa kuzoeleka.

Siku hiyo tuko kwenye kikao cha mtandaoni, nawasilisha ripoti ya robo mwaka, na wenzangu wanaiona skrini yangu nzima. Mkurugenzi yupo, wahasibu wapo, kijana wa Tehama yupo, amezima kamera kama ilivyo desturi yao. Nimefika jedwali la pili, mara skrini yote ikawa nyekundu, king'ora kikalia, na sauti ya mwanamke asiye na haraka ikasema: "Tahadhari! Kompyuta yako haina ulinzi."

Mtu mmoja akauliza moto uko wapi. Mama mmoja wa uhasibu akaichomoa kompyuta yake kwenye umeme bila kusubiri maelezo. Kwa kuwa ilikuwa na chaji, tukaendelea kumwona akiikodolea macho huku ameshika waya mkononi.

"Ni nini hicho?" mkurugenzi akauliza.

"Samahani sana, bosi. Ni tangazo tu."

"Tangazo linapiga king'ora?"

Sasa natafuta pa kulifungia. Alama ya kufunga ilikuwepo, ila ilikuwa nyekundu juu ya wekundu, aliyeichora alikusudia isionekane. Vilivyoonekana ni vitufe viwili. Kimoja kikubwa, cha kijani: "Ndiyo, nilinde sasa," na ukikibonyeza hicho unapelekwa moja kwa moja kwenye malipo. Cha pili kiko chini kabisa, maandishi yamefifia: "Hapana, napenda kubaki hatarini."

Hebu jiweke pale. Mshale wangu unatangatanga kati ya vitufe hivyo na ofisi nzima inauangalia. Kutoa kadi ya benki mbele ya mkurugenzi siwezi. Nikabonyeza "Hapana". Kumbe mambo bado, kikaja kidirisha kingine: "Je, una uhakika kwamba unataka kubaki hatarini?" Nikabonyeza "Ndiyo". Mkurugenzi, ambaye ana tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti, alikuwa ameshayasoma yote mawili, swali na jibu langu.

Sikuuona mwisho wa kikao hicho. Kijana wa Tehama alinitoa, akaifunga akaunti yangu ya kazi, kisha akaniandikia kwenye simu: "Kaka, nimekufungia kwa tahadhari tu. Andika maelezo."

Nikamwita mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wa ukoo mzima kwa sababu hajui kukataa. Akaitazama laptopu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, shukuru ya kwako inapiga kelele. Mbaya ni ile inayonyamaza."

Akanisimulia ya Superfish. Hiyo ilikuja imewekwa kwenye baadhi ya laptopu za Lenovo kuanzia 2014, kazi yake kuchomekea matangazo kwenye kurasa unazofungua. Ili iweze kuchungulia hata kurasa zenye alama ya kufuli, ilijipandikizia cheti chake cha usalama, yaani kile kitambulisho kinachoithibitishia kompyuta kwamba tovuti ni ya kweli, kompyuta ikawa inakiamini. Ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote, na umo ndani ya kila mashine. Februari 2015 mtaalamu wa usalama Robert Graham aliutoa kwa muda wa saa chache tu. Nywila iliyoulinda ilikuwa "komodia", yaani jina la kampuni iliyotengeneza kipande hicho cha programu! Mwenye ufunguo ule, akiwa nawe kwenye Wi-Fi moja, angeweza kujifanya benki yako na kivinjari chako kisishtuke. Mwaka 2017 Lenovo walimalizana na serikali ya Marekani na majimbo 32, na majimbo hayo yakalipwa dola milioni 3.5.

Novemba 2015 ikaja zamu ya Dell na cheti chao kilichoitwa eDellRoot: unakifuta, unawasha upya, unakikuta kimerudi. Ile ya HP ya 2017 ndiyo iliyoniondolea usingizi. Programu ya sauti, iliyotakiwa kusubiri tu ubonyeze kitufe cha kuzima maikrofoni, ilikuwa inaandika kila kitufe unachobonyeza kwenye faili lisilofichwa. HP wakasema ni masalia ya majaribio, wakatoa sasisho la kuiondoa.

Hapohapo nikaenda kutafuta plasta, nikabandika kwenye kamera.

"Mjomba, nimesema vitufe. Sikusema kamera."

Plasta niliiacha. Na nywila zangu nikaanza kuziandika kwa kidole kimoja, taratibu, eti zisisikike.

Kazi ya kufuta ikaanza. Antivairasi iliuliza kwa nini naiacha, ikaniletea dodoso, ikanipunguzia bei nusu, ikaniomba niwashe upya. Ilipoondoka ilikuwa imemwacha msaidizi wake nyuma, na kazi ya msaidizi ilikuwa kunikumbusha kwamba nimeiondoa. Mpwa akakasirika, akafomati kwa kutumia ile sehemu ya diski ambayo mtengenezaji huihifadhia nakala ya kurudisha kompyuta ilivyokuwa. Na kweli, ikarudi ilivyokuwa: karata, hoteli, mvua, king'ora.

Akaleta flashi yenye Windows tupu, akafuta diski yote, akasakinisha upya. Jamani, skrini ilikuwa nyeupe, kimya, hakuna anayenidai. Tukapeana mikono. Tukaunganisha intaneti, na kabla hatujakaa vizuri kidirisha kikachomoza kwenye kona: "Tumalizie kuiandaa kompyuta yako!" Kimetoka kwa mtengenezaji.

"Ametokea wapi huyu?" nikauliza. "Si umefuta kila kitu?"

Mpwa alikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo kwa fundi halina dalili njema. Kumbe tangu Windows 8, Microsoft walimwachia mtengenezaji njia ya kuweka programu yake kwenye chipu ya ubao mama, ile inayoamka kabla ya Windows. Windows yenyewe ikiwaka huichukua pale na kuiendesha. Nia ilikuwa vitu kama programu za kuisaka kompyuta iliyoibwa, kwamba mwizi akifuta diski zisipotee. Sasa ilikuwa inanisaka mimi, nami laptopu nimeinunua. Kwa bahati, kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya kwenye chipu hiyo, kulikuwa na mstari wa kuizima. Akauzima, akafomati tena, tukasubiri huku tumeikazia macho ile kona. Hakikutokea kitu.

Maelezo yangu kwa Tehama yalijaa ukurasa, na yalianza hivi: "Mimi, kwa hiari yangu, sipendi kubaki hatarini." Akaunti ikafunguliwa, kwa sharti kwamba niipeleke laptopu waiwekee antivairasi ya ofisi. Nikampelekea yule kijana. Akachomeka flashi yake, na kwenye skrini ikatokea nembo ileile nyekundu.

"Hii si ndiyo ileile?" nikamuuliza.

"Ndiyo yenyewe, kaka."

"Na king'ora?"

"King'ora kipo," akasema huku akibonyeza kitufe cha kijani. "Ila hiki tumekilipia."