Tuache kuwazungusha watoto wa mbwa

Mtoto wa mbwa akizaliwa mlegevu, hapumui, wengi humshika kichwa chini wakamrusha kwa mkono kama wanaokung'uta shuka. Yakitoka maji puani, hudhani mapafu yamesafika. Sehemu kubwa ya maji yale hutoka tumboni, na yakifika kooni huweza kuvutwa mapafuni. Ubongo nao hutikisika, mishipa ikapasuka. Najua wasasi wetu wa Unguja na Pemba hufanya hivyo kwa kutaka kumwokoa, lakini njia hii tuiache.

Anza na utando uliomfunika tangu tumboni. Mama asipouchana ndani ya dakika moja, uchane wewe, usoni kwanza. Panguza mdomo, kisha nyonya ute kwa kile kibomba cha mpira cha makamasi ya watoto wachanga, ukikiminya kabla hujakiingiza. Mdomo utangulie, pua ifuate: ukigusa pua huenda akavuta pumzi, na ute uliobaki kinywani ukaingia ndani.

Halafu msugue mgongoni na mbavuni kwa taulo kavu. Likilowa, twaa jingine. Kumkausha ni nusu ya tiba, kwa sababu kijibwa hajui bado kutetemeka ili apate joto. Hata kwenye joto letu hili, mwili wa gramu 300 uliolowa hupoa upesi, seuze feni ikiwa inazunguka.

Dakika imepita na bado hapumui? Weka vidole viwili ubavuni, nyuma ya kiwiko, usikilize moyo. Wa kawaida hupiga kama mara 200 kwa dakika. Ukishuka chini ya 150, aghalabu ni kukosa hewa, si maradhi ya moyo. Ndiyo maana hewa hutangulia kubonyeza kifua. Funika pua na mdomo wake pamoja kwa kinyago kidogo cha kupulizia hewa, au kwa mdomo wako juu ya kitambaa chembamba, upulize hewa ya mashavuni tu, kiasi cha mara 40 kwa dakika. Kila kifua kikiinuka, acha kupuliza, kishuke kwanza. Ukizidisha utapasua mapafu au utajaza tumbo upepo. Moyo ukibaki kupiga polepole baada ya hapo, bonyeza kifua kwa kidole gumba na cha shahada, kila upande kimoja, kama mara mbili kwa sekunde.

Anayesita kwa kuogopa najisi avae glavu. Akilowa, kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni kazi ya dakika chache, na kiumbe kile hana dakika za kungoja.

Usikate tamaa kabla ya dakika 20. Akishalia, funga kitovu kwa uzi sentimita 2 kutoka tumboni, ukichovye kwenye ayodini, umweke pembeni mwa chupa ya maji ya moto iliyoviringwa kanga. Maziwa yangoje: aliye baridi hawezi kuyasaga, na asiyenyonya kidole chako huyavuta mapafuni.