Nauli Ipande, Ila na Mimi Nifike

Ndugu zangu, kila mafuta yanapopanda bei, sisi wakazi wa Mbeya huanza kusikia maneno yaleyale ndani ya daladala: wenye magari wameomba nauli iongezwe, wadau wataitwa watoe maoni, na abiria aendelee kuvumilia. Sina ugomvi na maombi yao, kwa maana hata mimi ninaomba vitu vingi. Ninachouliza ni kwa nini nauli ikishapanda haijui kushuka. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kuna miezi zinashuka. Lakini nauli ya safari isiyozidi kilomita 10, ambayo LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, iliitoa shilingi 400 ikawa 500 mwaka 2022, na ilipofika Desemba 2023 ikawa 600, haijawahi kuniambia kwamba mwezi huu nipumzike. Nikimkumbusha konda kwamba dizeli imeshuka, ananijibu kwamba vipuri havijashuka, na siku vipuri vitakaposhuka nina hakika atataja bei ya sabuni ya kuoshea gari.

Sasa ana sababu nyingine mpya, nayo ni ujenzi wa barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ambao anasema unalikalisha gari kwenye foleni mpaka mafuta yanaisha. Barabara ikikamilika, ninamjua, atadai nauli ipande kwa sababu siku hizi tunawahi.

Hata hivyo, nauli inayoombwa hadharani ndiyo ndogo. Kubwa ni ile isiyoombewa kibali popote, yaani kukatiwa ruti. Gari limeandikwa ubavuni kwamba linatoka Mbalizi hadi Uyole, nawe umepanda kwa imani hiyo, umekaa, umeanza hata kusinzia. Mkifika Mwanjelwa konda anagonga bati na kutangaza kwamba hapo ndipo mwisho, gari linageuza, wa Uyole wapande la mbele. La mbele nalo lina konda wake, ambaye hakuiona hela yako na hana habari na yaliyokupata nyuma. Kwa hiyo mzee wa watu analipa mara mbili kwa safari moja iliyoandikwa kwa rangi ya mafuta, na ukilalamika unaambiwa, "Baba, shuka kwanza, tutaongea," ilhali ukishashuka gari limekwisha kuondoka.

Mpwa wangu mwenye simu kubwa alinisomea kwamba hata New York wamepandishiwa nauli ya treni za chini ya ardhi na mabasi, kutoka dola 2.90 hadi dola 3 tangu Januari 2026, na wenye magari wakaongezewa tozo za madaraja na mahandaki. Nilianza kuwahurumia, mpaka aliponisomea kwamba abiria wa huko akishuka kwenye treni akapanda basi ndani ya saa mbili, halipi tena. Huruma yangu niliirudisha mfukoni. Wenzetu wanabadilisha gari kwa hiari yao na wanalipa mara moja. Mimi ninabadilishiwa kwa nguvu na ninalipa upya.

Tena nisisahau gunia. Nikitoka Uyole na gunia la viazi, konda hulitoza nauli kama mtu mzima, na sitanii nikisema linasafiri vizuri kuliko mimi, maana limelala huku nimeinamisha shingo mlangoni nikiambiwa nisogee, nyuma kweupe. Nauli ikipanda, ya gunia nayo itapanda, wala hakuna atakayeliita kwenye mkutano wa wadau.

Mwenzangu mmoja wa kijiweni anasema nishukuru kwamba huku nyanda za juu hatuna daraja la kulipia kama la Kigamboni kule Dar es Salaam. Nami nikamjibu kwamba tozo za daraja hilo zilipunguzwa mwaka 2022, na kwa hiyo wanajua kupunguza wakitaka. Tatizo ni kwamba daraja halikati ruti wala halina konda wa kuulizwa chenji.

Basi mkutano wa maoni ukiitishwa nitasimama niseme kwamba nauli iongezwe wanavyotaka, mradi gari lifike lilikoandikiwa, na gunia lipate nusu nauli kama wanavyopunguziwa wanafunzi. Mke wangu ameniuliza mkutano wenyewe utafanyika wapi. Nimemwambia huenda ukawa upande wa Uyole. Amenihesabia hela ya magari mawili kwenda na mawili kurudi, kisha akaongeza ya tano, kwa ajili ya konda atakayesema hana chenji.